Fumo Liyongo kufia kisimani akiwa amepiga goti: tunaifasirije?

Mwl_Shangani (Mtwara)

Wakuu wa fasihi, heshima kwenu.

Vijana 24 wa kidato cha tano hapa Mtwara mjini wanaanza Utendi wa Fumo Liyongo wiki ijayo. Vipindi ni vinne, dakika 40 kila kimoja, na nakala moja itasomwa na watu watatu. Kisa chenyewe hakiwasumbui: shujaa wa mwambao wa Lamu na Pate, sultani anayemwogopa, gereza, mama, kijakazi Saada, na mtoto anayemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Wanapokwama ni mwishoni. Liyongo akishachomwa anaamka, anachukua upinde na mishale, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo. Mji unakosa maji kwa kumwogopa maiti.

Ninayotaka kuuliza ni matatu. Kwanza goti na kisima: kwa nini mtunzi asimwache afe pale pale alipochomwa? Miongozo mingi inasema "ishara ya ushujaa" na kuishia hapo, na jibu hilo halishibishi. Pili, uaminifu: nikiuliza nani mwaminifu humu ndani, darasa zima litajibu "mama". Sawa, lakini mama huyo huyo ndiye anayetumwa na mji akamtulize mwanawe ili watu wapate maji. Pale yuko upande wa nani? Tatu, siri: baba anamtajia mtoto kitu pekee kinachoweza kumuua. Vijana watasema Liyongo mjinga, na somo litafia hapo.

La ziada ni Kiamu chenyewe, lahaja ya Lamu iliyotumika humu, kinawatoa jasho. Nikiwawekea tafsiri ya Kiswahili sanifu pembeni nitakuwa nimeharibu?

Pwani_ya_Lindi

Mwalimu, nianze na hilo uliloliita la ziada, maana usipolimaliza kipindi cha kwanza litakula vitatu vilivyobaki.

Usiwatafsirie. Wape kanuni, wageuze wenyewe. Kiamu si lugha ya kigeni, ni sauti chache tu zilizohama kwa utaratibu. Penye ch yetu wao mara nyingi wana t: nchi ni nti, chini ni tini, macho ni mato, kichwa ni kitwa. Penye nj wana nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Penye j wana y: kuja ni kuya, moja ni moya, jua ni yua; na mbele ya i hiyo y humezwa, ndiyo maana maji yakawa mai. Vitu ni zitu. Yaandike ubaoni, wape maneno kumi wayageuze wawili wawili, dakika kumi na tano zinatosha. Mtego mmoja watajie mapema: ndoo. Kwa Kiamu maana yake ni "njoo". Kwa kijana wa Mtwara ni chombo cha kutekea, na kwa kuwa kisa kinaishia kisimani, atakuapia kwamba kuna mtu kaagizwa ndoo.

La pili ni kile kiambishi a- cha nafsi ya tatu, ambacho mtunzi hukidondosha akibanwa na mizani. Tazama ubeti huu wa mwanzoni:

Liyongo kitamakali
akabalighi rijali
akawa mtu wa kweli
na haiba kaongeya

Kitamakali ni akitamakali, yaani alipokomaa. Kaongeya ni kuzidi: haiba yake ikaongezeka. Hesabuni pamoja: vipande vinne, kila kimoja mizani (yaani silabi) 8, jumla 32. Vipande vitatu vya kwanza vinaishia li. Cha nne kinaishia ya, na ya hiyo ndiyo inayorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi tamati, beti zaidi ya 200. Sasa wafanye jaribio. Rudisha a- kwenye kitamakali: mizani inakuwa 9 na kipande kinachechemea. Chukua ubeti mwingine unaoishia kuya, ugeuze kuwa kuja: kina cha utenzi mzima kimekatika. Hapo wataona wenyewe kwa nini tafsiri ya pembeni inaweza kuwa msaada wa maana lakini si shairi. Faharasa ya maneno ishirini inatosha. Ya kwanza kuwekwa ni tupa (hapa ni nomino, chombo cha kukerezea chuma, usiwaache wakasoma kitenzi), wishwa (pumba), na minyoo, ambayo humu ni minyororo ya mfungwa. Usipoitaja hiyo ya mwisho, darasa litacheka mpaka kengele ilie.

Halafu chagua toleo moja ubaki nalo. Habari za Liyongo zilisimuliwa na kuimbwa muda mrefu kabla ya kuandikwa. Edward Steere alichapisha kisa chake kwa nathari mwaka 1870. Utendi ulio mkononi mwako ni wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Kando yake kuna takhmisa ya Sayyid Abdallah bin Nasir, yule wa Al-Inkishafi, ambaye alichukua mistari inayonasibishwa na Liyongo mwenyewe na kuiongezea mitatu juu ya kila miwili, ikawa mitano. Kosa linalojirudia kwenye insha ni kuchota majigambo ya takhmisa na kuyaweka kwenye utendi. Liyongo wa takhmisa anajisifu kwa kinywa chake. Wa Kijumwa anasimuliwa na mtu wa pembeni, Mwislamu wa Lamu anayeanza kwa Bismillahi, ambaye anamstaajabia shujaa na papo hapo anamsikitikia. Sauti mbili hizo ukizichanganya, swali lako la kifo halitajibika, kwa sababu anayejigamba hafi ndani ya shairi lake.

Na jambo dogo la adabu: watu wanaoitwa Wagala kwenye utendi ni Waoromo. Jina la zamani wenyewe hawalipendi. Lisomeni mlikutapo kwenye matini, ila kwenye insha waandike Waoromo.

Bi_Mikindani

Mwalimu, vijana ukiwaacha wafuate silaha katika utendi huu watarudi na jibu moja tu, kwamba alikuwa na nguvu. Wafuatishe chakula. Hakuna mahali Liyongo anapotegwa ambapo watu hawali, hawajatoka kula, au hawangoji kuteka maji.

Anza na kikoa. Sultani anawatuma watu wa mwituni, Wasanye na Wadahalo, wajifanye marafiki zake. Wanakula naye kwa zamu: leo huyu anaangua makoma, wote wanakula, kesho mwingine. Mkoma ndio mkoche wetu. Kijana wa pwani yeyote ataujua. Waulize hila iko wapi. Mtu akiwa juu ya mkoche, mikono miwili imekumbatia shina na upinde ameuacha chini, basi mshale mmoja unamtosha. Zamu ya Liyongo ilipofika hakupanda. Alisimama chini akayaangua makoma kwa mishale. Darasa litasema "ana shabaha", na ni kweli, lakini kubwa liko kwingine: amelipa zamu yake. Wamekula. Hakuna wa kusema Liyongo alikwepa kikoa. Waliokuja kuua ndio walioshiba kwa mkono wake, na kikoa kikabaki kimevunjwa na upande mmoja tu.

Gerezani ndipo pa kukaa sana. Mpe kipindi kizima. Mama anapika, Saada anapeleka, walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anamtungia Saada wimbo wa kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa, katikati atie tupa. Mkate wa pumba ukifika mlangoni walinzi wanaudharau na kuupitisha. Ulafi wao wa kuchagua ndio ufunguo. Wangekuwa wanakula kila kitu, wangeing'ata tupa. Kisha Liyongo anaomba kama haja yake ya mwisho achezewe gungu, na kishindo cha ngoma kinafunika mkwaruzo wa chuma. Hesabu watu waliomtoa gerezani: mama, Saada, na wachezaji wasiojua wanafanya nini. Hakuna hata mmoja aliyeshika mkuki.

Huku kusini tuna njia rahisi ya kulieleza hili. Nyimbo za unyago na jando husikiwa na kila apitaye, lakini huingia kwa aliyefundwa. Walinzi walisikia, Saada alielewa. Ndiyo maana mimi nikiulizwa mwaminifu wa kwanza katika utendi, simtaji mama, namtaja Saada. Mama ana damu ya kumfunga kwa mwanawe. Saada ni kijakazi, wimbo kaubeba kichwani bila kuupoteza neno, na mkate ukionekana una chuma ndani anayekamatwa mlangoni ni yeye. Insha nyingi zinampa sentensi moja, "alitumwa chakula". Anayemwandika hivyo mpunguzie alama.

Sasa sindano. Mtoto ameahidiwa binti wa sultani na uwaziri. Anachoma kitovuni. Kitovu ndipo binadamu alipolishwa kabla hajajua mdomo, na sote tukitaka kusema kwetu tunasema pale kitovu changu kilipozikwa. Kwa hiyo mauti yanapitia mlango ule ule ulioingizia uhai, na anayeufungua ni mtoto. Angalizo: utendi hauelezi hivyo popote. Hiyo ni tafsiri, na mwanafunzi aiandike kama tafsiri, aseme "yawezekana kusomwa kuwa", asiseme "mtunzi anasema".

Ukifika kisimani tayari unajua unachotazama. Wamekula kikoa chake, wamekula chakula chake cha gerezani, wamemnunua mwanawe. Sasa yeye amewakalia maji.

Kitangari

Goti nalo, Bi Mkubwa? Umeliruka.

Bi_Mikindani

Sikuliruka, nilimwachia mwingine. Haya. Lugha yetu ina magoti zaidi ya moja. Kuna la kuomba, kuna la ibada, kuna la heshima la mke au mtoto anapompa mkubwa maji. Na kuna goti la mpiga upinde, moja chini moja juu, ili mwili utulie mshale usiyumbe. La Liyongo ni hilo la mwisho. Mwanafunzi akiandika "alipiga goti kwa kukubali kushindwa" amelichukua goti la msikitini au la jandoni akalipeleka vitani. Mrudishe kwenye matini: mshale uko kwenye uzi. Anayesalimu amri hapachiki mshale.

Ila msilikaze sana. Kwa watu wa mji wanaomtazama kwa mbali, magoti yote yanafanana, na hapo ndipo hofu ilipotoka. Hawajui kama anaomba, anangoja, au amekufa.

Kitangari

Nimekubali. Niongeze la maji, maana sisi wa uwanda wa Makonde hatuhitaji kamusi kwa hilo. Newala na Tandahimba ni juu, chemchemi ziko chini bondeni, na kwa vizazi vingi maji yalikuwa ni kushuka mteremko na kupanda nayo kichwani. Mwambie kijana wa huku kwamba mtu mmoja amekaa kisimani na hapitiki, hatauliza "ishara ya nini?" Atauliza watoto walikunywa nini. Muanzie hapo. Kisima ni mahali ambapo mji hauwezi kusema "tutakwenda kesho". Jumba la sultani wangeweza kulikwepa, njia kuu wangeweza kuizunguka. Na wanaokwenda kisimani ni wanawake na vijakazi, watu wa aina ya Saada, si sultani. Kwa hiyo adhabu ya Liyongo, kama ni adhabu, inawapata kwanza wasiohusika. Hilo nalo darasa lijadili, lisipitwe kwa kuwa shujaa wetu ni mzuri.

Halafu nina hoja ya ukoo. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa wajomba zake. Mama wa huyu kijana msaliti ni Mworomo, aliyeozwa Liyongo kwa sababu watu wake walitaka mbegu ya lile jitu. Je, hatuwezi kusema mtoto hakumsaliti baba kwa sababu baba hakuwa ukoo wake? Uaminifu wake ulikuwa kwa wajomba.

Pwani_ya_Lindi

Hoja tamu, lakini itamwangusha mtahiniwa. Waoromo wanahesabu ukoo kwa baba. Mwanamume wao akitaka mbegu ya Liyongo ndani ya kabila, anaweza kuwa na sababu zake, ila huwezi kuchukua ujomba wa Newala ukaufunga kwa watu ambao kwao mtoto ni wa baba. Ukifanya hivyo umeeleza Umakonde, hujaeleza utendi.

Pili, soma aliyempa kijana kazi. Si wajomba. Ni sultani wa Pate, na malipo yametajwa: binti na cheo. Hongo haihitaji nadharia ya ukoo. Tena baada ya kazi kufanyika hayo malipo hayapati.

Unachoweza kufanya kwa usalama ni kukitumia kama swali la darasani, si kama jibu: "Msikilizaji wa jamii inayohesabu kwa mama angemhukumu vipi kijana huyu?" Hapo unawachunguza wasikilizaji wa Mtwara, na huo ni uhakiki halali. Kosa linaanza pale unapodai Kijumwa aliwaza hivyo.

Kitangari

Imeingia. Nitaibakiza kama swali.

Mwl_Shangani

Hii inanisaidia kuliko miongozo yote mezani. Bado mawili: mama pale kisimani, na siri.

Bi_Mikindani

Mama kwanza. Weka gereza na kisima sambamba, mistari miwili ubaoni, utaona mtunzi alichofanya. Gerezani Liyongo anaimba, mama anaitika kwa mkate. Kisimani mama anaimba, Liyongo haitiki. Ni wimbo ule ule umegeuzwa. Wao hawakuwahi kushindwa kuelewana kwa wimbo, hata kukiwa na ukuta na walinzi katikati. Kwa hiyo kimya cha kisimani ndicho tangazo la msiba, hata kabla ya maiti kuanguka. Mama anakwenda akidhani mwanawe kakasirika. Anayesikiliza utenzi ameshajua. Uchungu wote uko kwenye pengo hilo kati ya anachojua msikilizaji na anachojua mama, na mtoto wa kidato cha tano analiweza kabisa ukimwonyesha.

Yuko upande wa nani? Mji umemtuma, ndiyo, kama ulivyomtuma mtoto. Lakini tazama tofauti ya walivyotumwa. Mtoto alipewa ahadi na sindano. Mama hakuahidiwa kitu, na alichobeba ni sauti. Ametumiwa bila kununuliwa. Nadhani hilo ndilo jibu lako, ila waache wabishane robo saa kabla hujalitoa.

Siri sasa. Wakisema "mjinga", usiwakatalie. Waambie wakatafute kwenye beti kama Liyongo alijua. Watakuta anatambua kwamba mtoto ametumwa, na hata hivyo anamjibu. Basi neno "mjinga" haliwezi kusimama, kwa sababu mjinga ni asiyejua. Swali linakuwa: mtu anayejua, kwa nini asema? Warudishe kwenye kikoa. Kule pia alijua wenzake ni wauaji, na bado alilipa zamu yake. Liyongo hauvunji ushirika yeye. Mtu anaweza kula naye akiwa na nia mbaya, anaweza kumuuliza akiwa na nia mbaya, naye atatoa zamu yake na atatoa jibu. Tofauti ni kwamba kwa rafiki wa kikoa kulikuwa na njia ya tatu, kuangua kwa mshale kutoka chini. Kwa mtoto anayemuuliza baba yake hakuna kuangua kutoka chini. Ama unajibu, ama unasema "wewe si mwanangu".

Msiende mbali zaidi ya hapo. Nimeona watu wanaandika "alijitoa mhanga kwa ajili ya taifa". Taifa lipi? Hakuna beti za kubeba mzigo huo.

Manju_wa_Masasi

Mmesema ya maana yote, lakini watoto wakiusoma kama gazeti hamtapata kitu. Utendi ni wa kughanwa. Ya kwangu ni ya koo na pumzi.

Msomaji mmoja asizidi beti 10, akizidi sauti inachoka na anaanza kukimbia. Ubeti mmoja kwa mwendo wa kughani ni kama sekunde 12 pamoja na pumzi, kwa hiyo beti 10 ni dakika mbili. Beti 60 zilizochaguliwa ni dakika kumi na mbili, zinaingia ndani ya kipindi na muda wa mazungumzo unabaki. Msijaribu kuumaliza wote darasani.

Kosa la kwanza la wanafunzi ni kusimama mwisho wa kila kipande kama wanasoma orodha ya bei. Vipande vitatu vya kwanza viinuke kidogo kidogo kwa sauti, cha nne kishuke na kipumzike kwenye ile ya. Wakivishika vina hivyo darasa zima litaanza kuitikia ya bila kuambiwa. Kosa la pili ni kumeza m ya silabi. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. Aliyezoea kusema haraka anaifanya moja na kipande kinapungua. Kama hesabu haifiki 8, chunguzeni m kwanza kabla ya kumlaumu mtunzi. Tatu, maneno ya Kiarabu kama akabalighi wanayakanyaga. Wapige makofi kwa kila silabi mara tatu, kisha waghani.

Wimbo wa gerezani mpe mtu mmoja peke yake, na darasa lingine lipige ngoma ya meza kwa kufuata, kwanza pole pole, kisha kwa kishindo mpaka asisikike. Wakishindwa kumsikia, uliza: walinzi nao walisikia nini? Kisimani fanya kinyume. Msichana mmoja aghani beti za mama, na anapomaliza kila ubeti pawe kimya cha kuhesabu mpaka nane. Nane, si tatu. Vijana watataka kucheka kwenye tano. Ikifika saba kicheko kinaisha.

Meza ziwe za mbao. Za plastiki hazitoi mlio.

Mwl_Shangani

Nimepanga hivi. Kipindi cha 1: sauti za Kiamu, ubeti wa kitamakali, jaribio la mizani 9. Cha 2: kikoa cha makoma, mkoche ubaoni, nani alivunja nini. Cha 3: gereza lote, Saada, ngoma ya meza. Cha 4: siri, sindano, kisima, kimya cha nane. Swali la ukoo wa mama litakuwa kazi ya nyumbani, ukurasa mmoja, na sharti ni hilo la Pwani_ya_Lindi: waandike kuhusu msikilizaji, wasimsingizie Kijumwa.

Beti nimezichagua 58. Nimekata safari ya Liyongo kwenda Pate na kupuliza kwake pembe. Inasikitisha kuikata, ila haihusu swali letu.

Pwani_ya_Lindi

Usiikate yote. Bakiza beti tatu nne ambapo Waoromo wanamwona mara ya kwanza na kushangaa. Bila hizo darasa halitajua kwa nini walitaka mbegu, na yule mtoto atatokea kipindi cha 4 kama kaanguka kutoka mbinguni.

Mwl_Shangani

Kweli kabisa. Zinakuwa 62. Na minyoo nimeiweka namba moja kwenye faharasa, kwa wino mwekundu.